Ua Lililomea Gumbo

Niliporudi Juba sikuwa na nyumba. Sikuwa na paa, la bati wala la nyasi. Sikuwa na kitanda, taa, wala kiti cha kumkaribishia mgeni. Sikuwa na mpira wa maji, pampu wala saruji, vitu ambavyo mtu wa kazi yangu huvihitaji kabla ya kitanda. Sikuwa na jirani anayenijua. Sikuwa na Kiarabu cha kutosha kununua chumvi bila kuchekwa. Sikuwa na meno mawili ya mbele, niliyoyaacha Kitale. Na sikuwa na mke, ingawa nilikuwa nimeoa kanisani na pete ilikuwa kidoleni. Mke naye alibaki Kitale, kwa hiari yake na kwa sauti ambayo steji nzima iliisikia.

Nilichokuwa nacho ni shimo na kopo.

Shimo lilikuwa katika kiwanja cha marehemu baba yangu, Gumbo, ng'ambo ya daraja, si mbali na barabara ya Nimule. Nilikiacha kiwanja hicho nikiwa kijana, wakati wa vita vya kwanza, kikiwa tambarare. Nilipokuwa mbali, wafyatua matofali walikuja wakachimba udongo wake, wakauchoma, wakauza. Nadhani kuta nyingi za mtaa wa Atlabara zimetoka katika udongo wa baba yangu. Kila aliyeliona lile shimo alinipa pole. Mimi nilipoliona mara ya kwanza nilivua kofia. Udongo wa mfinyanzi kila upande, jua la kutosha, mto jirani. Mtu angelichora kwenye karatasi asingelipata zuri zaidi.

Kopo lilikuwa la Kimbo, lile kubwa. Ndani yake, katika vipande vya gunia lililoloweshwa maji, mlikuwa na viazi vya yungiyungi, lile ua la majini. Nilikipakata kile kitu kutoka Kitale hadi Nimule. Afisa wa mpakani alifungua, akanusa, akaniuliza ni nini. Nikamwambia, "Ni yungiyungi. Naenda kupanda kwangu." Aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu, akafunga kopo taratibu, akanipitisha bila kuuliza kitu kingine. Nilidhani ni adabu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alinihurumia.

Lazima niseme habari za Kitale, maana bila Kitale hakuna Gumbo.

Miaka yangu ya nguvu yote niliimalizia katika hoteli moja nje ya mji ule. Niliingia kama mfyeka nyasi. Bustani ilikuwa na mabwawa yaliyoshuka mteremko kama ngazi, maji yakitoka la juu yakianguka la katikati, kisha la chini. Mchana nilifyeka. Jioni nilikwenda gumbaru, masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa kanisa, chini ya taa ya karabai iliyovuma kama nyuki. Nilijua kusoma katika umri ambao wenzangu walikuwa na watoto wa sekondari. Sikuona haya. Nilipomaliza Kiswahili nikaingia Kiingereza, kwa sababu meneja alikuwa ametupa stoo kitabu cha mimea ya majini, chenye picha, na mimi sikutaka kuishia kwenye picha. Nilikisoma kamusi ikiwa gotini. Siku moja meneja alinikuta nikipandisha karai za mayungiyungi juu ya matofali ili majani machanga yafikie mwanga, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, "Wewe, bwana. Kwa kutupa kitabu." Tangu siku ile nikawa msimamizi wa mabwawa.

Achan alikuwa mfua nguo wa hoteli. Kamba zake za kuanikia zilipita karibu na bwawa la chini. Alikuwa Mwacholi wa upande wa Magwi, aliyeikimbia Sudan akiwa msichana. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Wewe bwana wa vyura! Shuka zangu unazirushia tope!"

Nikamjibu, "Dada, hilo si tope, ni mbolea."

"Basi kailambe."

Tulioana mwaka uliofuata. Tulipata mtoto mmoja, Rejoice, ambaye leo ni mwalimu Eldoret. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa ukingoni mwa bwawa la chini, tukitazama mayungiyungi ya buluu yakifunguka jua lilipopata moto. Ikifika alasiri hujifunga tena. Achan alikuwa akisema, "Yamekula, sasa yanalala. Kama wewe." Sikuwahi kuona raha kubwa kuliko ile, na sijaiona tena.

Kisha redio ikatangaza mkataba wa amani. Mimi nikaanza kuota kiwanja cha baba. Achan hakuota kitu. Tulibishana karibu miaka miwili, na siku ya safari alinisindikiza steji, amejifunga kitenge chake kizuri, akaanza upya mbele ya watu.

"Baba Rejoice, wewe huendi kuishi. Unaenda kuzikwa."

"Naenda kujenga, Mama Rejoice."

"Jenga basi. Mimi Sudan ninayoijua ni vumbi na mbio. Sikuwahi kuona ua kule. Siku utakayoniletea ua lililomea Juba, nafunga mizigo siku hiyohiyo. Na si la plastiki! Nakujua wewe."

Watu wakacheka. Nikawageukia, nikasema, "Mmesikia. Nyinyi ni mashahidi wangu." Lakini Achan hakucheka. Alilichukua lile kopo mkononi mwangu, akalikandamiza kifuniko kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayefunika chungu cha safari, akanirudishia.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Gumbo.

Watu wanaoikumbuka miaka ile ya mkataba wanajua ninachosema. Ng'ambo ya mto moshi wa matanuri ya matofali ulipanda tangu asubuhi. Malori yaliingia kutoka Uganda yamebeba mabati, juu ya mabati magodoro, juu ya magodoro watu, na watu wanaimba. Ukimsalimia mtu njiani, swali la kwanza lilikuwa, "Umerudi kutoka wapi?" Ungelijua jibu kabla hajalitoa: huyu Kiswahili chake kimepita Nairobi, yule chake kimepita Kampala, na wa tatu hana Kiswahili, ametoka Khartoum. Jumamosi ngoma zilisikika Nyakuron. Kila mtu alikuwa anajaribu kitu. Mmoja alifungua kinyozi ndani ya kontena, mwingine alifuga bata. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa kujaribu.

Hata mimi sikuchekwa. Nilikanyaga lile shimo kwa miguu, nikimwaga maji na kukanyaga tena, mpaka udongo ukashikana na kuacha kunywa maji. Sikuhitaji saruji. Vijana wa baiskeli waliniletea maji ya mto kwa mitungi, na mvua zilipoanza zikamaliza kazi. Niliokota karai za wajenzi zilizotoboka, nikazijaza udongo mzito na samadi ya zamani, nikalaza viazi vyangu upande, vichwa nje, nikatandaza kokoto juu ili samaki wasichimbue. Ukingoni nilipanda mafunjo. Nilitia samaki wadogo wa mto ili wale viluwiluwi vya mbu, maana najua bwawa lisilo na samaki linavyomgombanisha mtu na jirani zake.

Jirani wa karibu alikuwa Nyagoa, Mnuer, mama mwenye kibanda cha chai barabarani. Alikuwa na alama za kwao kwenye paji la uso na kicheko cha kuazima, yaani kilitoka mara chache na kikarudi haraka. Aliongea Kiarabu cha Juba, nami nilimjibu kwa kile kidogo nilichokuwa nimeokota. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Siku majani ya kwanza yalipolala juu ya maji, alikuja akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Amu, haya umeyapanda wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, binti yangu."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Alitikisa kichwa polepole, akaondoka. Jioni akaniletea samaki mkavu na kipande cha asida, ugali wa huku, kilichofunikwa kwa sahani.

Kesho yake jirani wa nyuma akaleta bamia. Mke wa fundi seremala akaleta karanga. Ikawa desturi. Sikupika karibu mwezi mzima. Nilipokea kila sahani kichwa juu, nikishukuru kwa sentensi ndefu, na moyoni nikasema: kumbe Juba bado wanajua kumheshimu mtu mzima aliyesoma.

Aliyenizindua ni Emilio, katekista wa kanisa letu dogo, tena katikati ya misa. Wakati wa maombi alisimama akasema, "Tumwombee ndugu yetu Cirillo Loku aliyerudi kutoka Kenya, ambaye hata katika amani hii anaishi kwa mizizi ya majini. Bwana amwondolee aibu, aseme shida yake." Watu wote wakaitika. Nami niliitika, kabla akili haijafika.

Nilimkamata nje.

"Emilio, nani amekuambia nina njaa?"

"Ndugu, usione haya. Wengi hapa wameyala."

"Wamekula nini?"

"Hayo uliyopanda. Vita vilipokaza, watu wa kwenye mabwawa waliishi kwa hayo. Wengine walipofika hapa walikuwa hawajaona nafaka muda mrefu. Sasa mtu mzima akiyapanda mlangoni kwake, wakati soko limejaa unga, sisi tuelewe nini?"

"Eleweni kwamba ni bustani! Ni maua!"

Emilio akanishika bega. "Sawa, ndugu yangu. Ni maua." Na nilipofika nyumbani nilikuta gunia la mtama limeegemezwa mlangoni.

Nililikalia lile gunia mpaka jua likazama. Samaki wote wale, asida yote ile niliyoipokea kama chifu, ilikuwa sadaka. Nilitaka kurudisha kila sahani. Lakini utarudishaje bamia uliyokwisha kula?

Wiki hiyohiyo akafika Emma. Emma alikuwa dereva wa lori, mwanamume wa Kajokeji aliyelelewa Uganda, aliyeleta unga wa mahindi kutoka Kitale kupitia Malaba na Gulu. Posta ya kutegemea hatukuwa nayo, na simu ilikatika kabla hamjamaliza salamu, kwa hiyo barua na vifurushi vyetu vilipita mikononi mwake. Alisimamisha lori barabarani, akashusha mfuko wa maharage, unga na sukari.

"Mzee, mimi iko na mzigo yako. Na maneno pia iko. Maneno ndiyo nzito."

"Yashushe."

"Mama ya Kitale iko na hasira. Watu ya Gumbo nafika huko, naongea. Yeye nasema, 'Mwambie Bwana wa Vyura nimesikia anakula maua yetu.' Mimi nauliza, maua gani? Yeye nasema wewe najua."

Nilihisi joto likipanda hadi masikioni. "Nini tena?"

"Yeye nasema wewe rudi na mimi Ijumaa. Kama wewe hapana kuja, na ua hapana kuja, yeye nafunga nyumba, nahamia kwa mtoto yenu Eldoret. Yeye nasema huko hatoki tena mpaka kufa."

Nilimjua Achan. Alikuwa mwanamke wa kusema mengi kwa utani, lakini neno la kuhama hakuwahi kulitania. Msichana aliyehamishwa kwa bunduki hachezi na neno hilo. Akishaingia kwa Rejoice na kushika wajukuu, angekuwa amefika, na mimi ningebaki mtu wa kuandikiwa salamu.

Lakini nilikuwa na tumba moja. Lilikuwa limechomoza kwenye karai la katikati, limefunga, nchani likionyesha uzi wa buluu. Nilimpeleka Emma akalione.

"Kabla ya Ijumaa litafunguka," nikamwambia. "Nitalikata, nitalikausha ndani ya kamusi, utalipeleka."

Emma akakuna shingo. "Mzee, wewe napita mto na mpaka na miaka yote hii, halafu bibi yako nangoja hii kitu kidogo?"

"Hii hii."

"Haya. Mimi nalala soko mpaka Ijumaa."

Siku mbili kabla ya Ijumaa nilivuka daraja kwenda mjini kununua karatasi nzuri na bahasha, maana sikutaka ua lile lisafiri ndani ya karatasi ya daftari. Nilikwenda kwa miguu, nikachagua kwa makini, nikarudi alasiri nikiwa nimeificha bahasha ndani ya shati isipate jasho.

Bwawa lilikuwa jekundu kwa tope. Jani hata moja halikuwepo juu ya maji. Karai zangu zilikuwa zimepinduliwa ukingoni, kokoto zimekusanywa kando kwa utaratibu. Na mbele ya mlango wangu, kwenye jiko langu, Nyagoa alikuwa amechuchumaa na sketi imelowa hadi kiunoni, akikoroga sufuria.

"Amu, umerudi wakati mzuri," akasema bila kugeuka. "Yameiva sasa hivi."

Niligeuza karai la karibu. Lilikuwa tupu.

"Nilikuwa nakuangalia kila siku," akaendelea. "Nikasema, huyu mzee amepanda vizuri, mikono yake ni ya mtu anayejua, lakini hajui kuvuna. Yanakomaa, yeye anayatazama tu. Au anaona haya kuingia majini mchana watu wamwone. Mwanamume peke yake! Nikasema leo ametoka, nimvunie. Hutaulizwa na mtu." Akapakua katika bakuli. Viazi vidogo vya kijivu, vimemenywa, vimepikwa na karanga za mke wa seremala. "Kula kabla havijapoa."

"Na tumba?" nikauliza. "Kulikuwa na tumba moja. Katikati."

"Lile? Kikonyo chake ni kitamu kibichi. Nimekitafuna nikiwa majini." Akaniangalia sasa vizuri. "Amu? Unaumwa?"

Ningesema mengi. Nilikuwa na maneno ya Kiswahili, ya Kibari na hata ya Kiingereza yaliyoifaa siku ile. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameacha biashara yake siku nzima, ameingia maji machafu hadi kiunoni, ili kunifichia aibu yangu. Nilikaa chini, nikachukua bakuli, nikala. Ladha yake ilikuwa ya udongo kidogo, na ya njugu, na haikuwa mbaya. Nilipomaliza nikamweleza yote: Kitale, bwawa la chini, shuka, steji, kopo, Eldoret.

Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Nilipofika kwenye Ijumaa alianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kuazima safari hii hakikurudi. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa.

"Maua! Wee amu! Mimi nimemtafuna mke wako!"

"Umemtafuna," nikasema.

"Malesh, malesh, nisamehe." Akajifuta macho kwa ncha ya nguo. "Mimi sikujua kama ni ua. Naapa. Tulikaa visiwani, mimi na mama na wadogo zangu, tumejificha kwenye mafunjo. Asubuhi tulipita kwa mtumbwi. Lazima yalikuwa yamefunguka pande zote, maana ni wakati wenyewe. Lakini mimi nilikuwa natazama chini, mkono uko kwenye tope, natafuta." Akauangalia mkono wake kama kwamba ungekumbuka zaidi yake. Halafu akasimama ghafla. "Njoo."

Aliingia tena bwawani na nguo zake. Akainama, mkono ukapotea mpaka begani, akapapasa chini, akautoa. Kiganjani alikuwa na kiazi kisichozidi ncha ya kidole gumba, chenye chipukizi jeupe kama jino la mtoto.

"Vidogo nimerudisha," akasema. "Vyote. Nimevipandikiza kwenye tope la chini. Huko kwetu, mama alitupiga mikono tukichukua vidogo. Alisema njaa itarudi tena, na itatukuta papa hapa. Mkono wangu huvirudisha wenyewe, siuambii."

Nilishusha pumzi. Lakini kiazi kama kile kinahitaji msimu mzima, na lori lilikuwa linatoka Ijumaa.

Ijumaa nilikwenda kwa Emma mikono mitupu.

"Mimi naambia mama nini? Nasema wewe gonjwa?"

"Usidanganye. Mwambie ua liko njiani. Mwambie anipe mpaka mwisho wa mvua."

"Mzee, yeye hapana mtu wa kungoja."

"Najua. Alifua shuka kando yangu miezi sita bila kunitazama, na mimi ndiye niliyengoja. Mwambie hivyo hivyo."

Emma akapanda lori akitikisa kichwa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Nilipanga karai upya, safari hii na msaidizi ambaye sikumwomba. Nyagoa alifika kila alfajiri kabla ya kuwasha moto wa chai, akaketi kwenye tofali, akatazama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayelinda shamba. Tulibishana sana. Yeye alitaka karai zikae chini zaidi, nami nikamwambia majani yatachelewa. Mimi nilitaka kung'oa magugu maji yaliyokuja na maji ya mto, naye akasema niache kidogo, samaki wanapenda kivuli. Tulisikilizana nusu kwa nusu. Sahani za majirani zilipungua, na nilipomwona Emilio nilimwalika aje kuona, akaja, akaniuliza kama yanaweza kumea kwenye pipa. Nilipokea habari kutoka Kitale mara moja tu, kupitia abiria: mama amesikia, hajajibu, bado hajafunga nyumba.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zinaishia, nilisikia naitwa. Si kwa sauti kubwa.

"Amu. Amu, njoo polepole."

Niliendelea kuvaa shati njiani. Nyagoa alikuwa amechuchumaa ukingoni, mikono imefumbata magoti. Jua lilikuwa limegusa upande mmoja wa bwawa. Katikati, juu ya kikonyo kilichonyooka, yungiyungi lilikuwa linafunguka, petali ya nje kwanza, kisha nyingine, buluu ileile ya bwawa la chini, na katikati manjano. Barabarani wateja wa chai walianza kupiga kelele, "Nyagoa! Maji yamekauka?" Hakugeuka.

"Kwa hiyo ndivyo yalivyokuwa," akasema hatimaye.

"Ndivyo."

"Yote yale."

Tukakaa mpaka likafunguka kabisa. Kisha likaja swali ambalo wote wawili tulikuwa tunalikwepa, maana lilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa na kisu mfukoni na nilishindwa kukitoa. Nyagoa ndiye aliyesema, "Kata. Hili ni la mwenyewe. Chini kuna matumba mengine, nimeyapapasa." Akaongeza, "Na safari hii sitatafuna kikonyo."

Nilikausha petali ndani ya kamusi yangu ya gumbaru. Kwenye karatasi zilipoteza buluu kidogo na kukunjamana pembeni, lakini mtu aliyeketi Jumapili nyingi kando ya bwawa la Kitale asingezikosea. Siku Emma alipofika niliketi mlangoni nikaandika, kwa mwandiko wangu bora, nikachana mara mbili na kuanza upya. Nilichokipeleka kilisema hivi:

"Mama Rejoice. Ulisikia kwamba nakula maua yetu. Ulipoambiwa hivyo ilikuwa si kweli, na nilikasirika. Sasa ni kweli. Nimeyala, yamepikwa na karanga, na aliyenipikia nitakuonyesha, ni jirani yetu. Kama vidogo visingerudishwa topeni, usingelipata hili. Limemea Gumbo, katika udongo wa baba yangu, na si la plastiki. Vumbi bado lipo, sitakudanganya. Mbio sijaziona tangu nije. Nyumba ina paa upande mmoja. Kuna matofali mawili ukingoni. Moja analikalia Nyagoa asubuhi, la pili halina mtu. Mimi nasimama. Wako, Bwana wa Vyura."

Nilizipanga petali katikati ya karatasi, nikakunja, nikatia kwenye ile bahasha niliyoificha ndani ya shati. Gundi yake ilikuwa imekufa kwa unyevu wa mvua. Niliilamba mara tatu na haikushika. Nyagoa, aliyekuwa akisonga asida, alichovya kidole sufuriani, akakipitisha ukingoni mwa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja, kwa nguvu.

"Hiyo haifunguki mpaka Kitale," akasema.

Emma alikuwa tayari ndani ya lori, injini inanguruma. Niliinua bahasha mpaka dirishani. Akaichukua kwa mikono miwili, akaipima uzito, akainusa.

"Mzee, hii barua iko na harufu ya chakula."

"Ipeleke hivyo hivyo," nikamwambia.

Akaiweka ndani ya kofia yake, akavaa kofia, akashika barabara ya Nimule.